Kinga ya mbio: namna ya kuchagua mpira wa ndani mwepesi, na utepe wa janti unaoulinda

Mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza mwezi wa 9 mwaka 2025, kule Kigali, karibu kabisa na mipaka yetu. Vijana wanaopanda kinga za mbio huku mashariki, kuanzia Bunia na Butembo mpaka Goma, Bukavu na Uvira, wengi walifuata mbio zile kwenye simu. Na ulizo moja linarudi kila mara: mtu mwenye kinga ya okazio, asiye na pesa ya kununua magurudumu mapya, anaweza kupunguza uzito namna gani?

Jibu linalotembea mitaani ni hili: toa mipira ya ndani mizito, weka myepesi. Ni jibu la kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ingine iko chini ya mpira: ni ule utepe mdogo unaofunika matundu ya janti. Mtu akiusahau, mpira wa bei kali unaweza kufa siku ya kwanza. Na ikitokea kwenye mteremko, hautakuwa mpira peke yake utakaoumia.

Tueleze vyote viwili, pole pole.

Tuelewane kwanza juu ya vipimo

Gurudumu la kinga ya mbio lina pine inje, mpira wa ndani (ule wengi tunaita shambre), halafu janti. Kati ya mpira na janti kuko utepe, ambao mafundi wanaita fondi ya janti.

Kinga nyingi za mbio za leo zina gurudumu la kipimo 700C. Ukisoma ubavuni mwa pine, utaona pia namba kama 25-622 au 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa pine kwa milimeta, na 622 ni kipenyo cha mahali pine inakaa kwenye janti. Weka akili hapa: kinga ya mizigo, ile nyeusi ya chuma, mara mingi iko na gurudumu linaloitwa 28, na kipimo chake ni 635. Watu wanasema "zote ni 28", na muuzaji anakupatia mpira wa kinga ya mizigo. Huo mpira ni mpana na mzito sana kwa pine ya milimeta 25. Utajikunja ndani, na mahali umejikunja ndipo utatobokea.

Kinyume chake pia ni kibaya. Mpira mwembamba ulioandikwa 18-25 ukiuweka ndani ya pine ya 32, utavutika sana kama mpira wa manati, utabaki mwembamba, na mwiba mdogo utaumaliza. Soma namba kwenye karatasi ya mpira, na upana wa pine yako uwe kati ya zile namba mbili.

Kitu ingine ni valvu. Kinga za mbio zinatumia valvu nyembamba, inaitwa Presta, inayopita ndani ya tundu la milimeta 6. Valvu nene kama ya moto au ya gari inaomba tundu la milimeta 8. Fundi akikuambia atapanua tundu la janti kwa kuchimba ili valvu nene iingie, kataa. Kwenye janti nyembamba ya aluminyo unaidhoofisha, na kwenye janti ya kaboni unaiharibu kabisa. Urefu wa valvu nao unahesabika: chukua kina cha janti, ongeza milimeta 15 hadi 20. Janti fupi inatosheka na valvu ya milimeta 40 na kidogo, lakini janti ya kina cha milimeta 50 inaomba valvu ya 60 na zaidi, bila hivyo pompi haitapata mahali pa kushika.

Aina 3 za mpira wa ndani

Aina ya kwanza ni butili, mpira mweusi ambao wote tunaujua. Ni mpira wa kiwandani, ulivumbuliwa Marekani mwaka 1937, na sifa yake kubwa ni kuzuia hewa isitoke. Mpira wa kawaida wa butili kwa pine ya 25 una uzito wa karibu gramu 100. Kuko butili nyepesi ya gramu 65 hadi 80, na kuko hata ya karibu gramu 50. Uzuri wake: kila fundi wa barabarani anaweza kuutengeneza kwa rustini na kole. Ubaya: ile ya gramu 50 imepata uzito mdogo kwa sababu ukuta wake ni mwembamba sana. Inaomba mikono yenye upole na pine isiyo na kipande cha mchanga ndani.

Aina ya pili ni lateksi, mpira wa asili unaotoka kwenye utomvu wa mti. Kwa sisi Wakongomani hiki si kitu cha mbali. Dunlop alipotengeneza pine ya hewa mwaka 1888, akiwa Belfast, dunia nzima ilianza kutafuta mpira kwa ajili ya kinga, kisha magari. Huku, chini ya mfalme Leopold wa 2, wazee wetu walilazimishwa kwa kiboko na bunduki kuingia porini kukata zile kamba za msitu zenye utomvu. Gurudumu la kinga liko ndani ya historia yetu, na si kwa upande wa furaha.

Mpira wa lateksi wa leo una uzito wa gramu 75 hadi 85 hivi. Sifa yake si uzito tu. Unavutika sana, unajikunja na pine juu ya mawe madogo, na kwa hiyo gurudumu linakimbia vizuri zaidi: unaokoa wati chache kwa kila gurudumu, kwa mwendo ule ule. Lakini hewa inapita polepole kwenye ukuta wake. Ukijaza jioni, asubuhi utakuta imepungua sana. Mwenye lateksi anapiga pompi kila siku kabla ya kupanda. Kama huna pompi yako nyumbani, lateksi haikufai.

Aina ya tatu ni TPU, plastiki laini yenye rangi ya machungwa, ya bluu au inayoonyesha ndani, kufuatana na kiwanda. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote: gramu 35 hadi 45 kwa nyingi, na zingine zinashuka mpaka 23 hivi. Ukiikunja ni ndogo kama sanduku la kiberiti, unaitia mfukoni na haionekani. Inashika hewa vizuri kuliko lateksi. Mbio yake iko kati ya butili ya kawaida na lateksi.

Lakini TPU ina masharti yake. Rustini na kole za kawaida hazishiki juu yake. Inaomba viraka vyake maalum, ambavyo kwenye masoko yetu ni vigumu kuvipata. Usiijaze hewa nyingi ikiwa inje ya pine, kwa sababu ikishavutika hairudi kama zamani. Tia pumzi kidogo tu ili ipate umbo. Na nyingi zina valvu ya plastiki: ukikaza kichwa cha pompi kwa nguvu, valvu inaweza kuvunjika. Wauzaji wengine wameanza kuweka valvu ya chuma, na ukipata hiyo ni afazali.

Mteremko na freni: hapa usicheze

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanaruka, na ni ya hatari kuliko zote kwa mtu anayeishi kwenye milima.

Kinga yenye freni za zamani, zile za kubana janti kwa vipande vya mpira, inageuza mwendo kuwa moto. Moto huo unaingia kwenye janti, na kutoka kwenye janti unaingia kwenye mpira wa ndani. Kwenye mteremko mrefu, kama vile kushuka Ngomo kuelekea Kamanyola, au milima ya Lubero, mtu akishika freni bila kuachilia, janti inaweza kupita digri 100. Butili inavumilia. Lateksi na TPU zinaweza kulainika na kupasuka. Ndio maana TPU nyepesi kabisa nyingi zimeandikwa kwamba ni za freni ya diski tu. Lateksi nayo haitakiwi kwenye janti ya kaboni yenye freni za kubana, kwa sababu kaboni haitawanyi moto kama aluminyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, angalia freni yako. Ukiwa na diski, moto unabaki kwenye diski, na uko huru kuchagua. Ukiwa na freni za kubana na unaishi Bukavu, Butembo au mahali popote penye miteremko, baki kwenye butili nyepesi ya gramu 65 hadi 80. Uvira ama Kalemie, kandokando ya ziwa mahali barabara imelala, hatari ya moto inapungua; hata hivyo soma maandishi ya kiwanda.

Uzito huu unaleta nini kwa kweli?

Tufanye hesabu bila kudanganyana. Ukitoa mpira wa gramu 100 na kuweka wa gramu 40, umepunguza gramu 60 kwa gurudumu, yaani 120 kwa kinga nzima. Tuseme wewe na kinga yako mna kilo 75. Gramu 120 ni chini kidogo ya sehemu 2 juu ya 1.000 za uzito huo. Kwenye mlima unaokuchukua saa moja nzima, utafika juu karibu sekunde 6 mbele.

Watu wanasema uzito wa gurudumu unahesabika mara mbili. Ni kweli, lakini wakati wa kuongeza mwendo tu: unapotoka kwenye kona, unaporuka kumfuata mwenzako, au kwenye mbio za mwisho. Hapo gurudumu jepesi linaitika haraka, na mguu unasikia tofauti. Ukipanda kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu, iwe kwenye gurudumu ao mfukoni. Chupa ya nusu litre ya maji ni gramu 500.

Sekunde 6 zinaweza kumpatia mtu nafasi kwenye mbio. Lakini kutobokewa mara moja kunaondoa dakika 5 au zaidi. Mpira mwepesi unaotoboka ni mpira mzito.

Utepe wa janti: kitu kidogo, kazi kubwa

Chini ya janti kuko matundu ya mareyo. Bila utepe, mpira unasukumwa ndani ya kila tundu na kukatika kwenye ukingo wake. Tuhesabu tena. Tundu moja lina upana wa karibu milimeta 9. Ukijaza hewa ya bari 6, juu ya kila tundu kuko msukumo wa karibu kilo 4, usiku na mchana. Janti inaweza kuwa na matundu 20, 24, 28 au 32. Utepe ndio unaobeba kilo zote hizo.

Sasa utaelewa kwa nini ile njia yetu ya kukata kipande cha shambre ya moto na kukizungusha kwenye janti haifai hapa. Kwenye kinga ya mizigo, yenye pine pana na hewa ya kadiri, kipande kile kinafanya kazi miaka mingi. Kwenye kinga ya mbio, mpira laini unazama ndani ya tundu kama kitambaa juu ya mtungi, na shambre inazama nao. Utepe wa umeme, ule mweusi wa mafundi wa kuran, nao ni mbaya: gundi yake inayeyuka kwa joto, unateleza pembeni, na tundu linabaki wazi. Hata zile fondi za mpira mwembamba zinazokuja na kinga za bei ndogo hazikutengenezwa kwa bari 6 au 7.

Zinazofaa ni hizi:

- Utepe wa nailoni mgumu, uliofungwa kama duara, unaovutwa na kuingizwa kwenye janti bila gundi. Ni mwepesi, unarudi kutumika, na ni rahisi kubadilisha. Angalia kama imeandikwa hewa nyingi inayoweza kubeba: kuko za bari 8, kuko na za bari 15.
- Utepe wa kitambaa cha pamba wenye gundi, kama ule wa Velox wa Ufaransa, ambao umejulikana kwa miaka mingi. Ni mzito kidogo, lakini hauteleki na unavumilia sana. Ukishautoa, mara mingi hautumiki tena.
- Utepe mwembamba wa plastiki wa magurudumu yasiyo na mpira wa ndani. Ni mwepesi sana na unafaa pia kwa mwenye mpira wa ndani, lakini zungusha mara mbili kama matundu ni makubwa.
- Vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoingia ndani ya kila tundu. Vina uzito mdogo, lakini lazima vilingane sawasawa na upana wa matundu yako.

Tofauti ya uzito kati ya utepe mzito na mwepesi ni gramu chache, mara mingi hazifiki 20 kwa gurudumu. Kwa hiyo kwenye utepe usitafute uzito kwanza. Tafuta ugumu na upana sahihi.

Upana unaupata namna hii. Tazama janti: mara mingi imeandikwa kama 622x17. Hiyo 17 ni upana wa ndani kwa milimeta. Kwa utepe wa nailoni ama wa kitambaa, chukua milimeta 16 hivi: ufunike matundu yote na kulala kwenye bonde la katikati, bila kupanda mahali pine inakaa. Ukipanda pembeni, pine haitakaa sawa, na utaona gurudumu linarukaruka. Ukiwa mwembamba sana, utasogea na kuacha tundu upande mmoja.

Namna ya kuweka

Futa janti kwa kitambaa na alikoli, uiache ikauke. Pitisha kidole taratibu kwenye matundu na kwenye tundu la valvu. Ukisikia ukingo mkali, laini kwa papi ya vidiri nzuri. Utepe wenye gundi uvutwe kwa nguvu huku ukiuweka, usiache mapovu. Tundu la valvu kwenye utepe wa plastiki litobolewe kwa msumari uliopashwa moto, si kwa kisu, kwa sababu mkato wa kisu unaendelea kupasuka.

Pangusa ndani ya pine. Huku Goma, vipande vya mawe ya volkano vinaingia kwenye pine na vinabaki pale kama wembe. Paka mpira talki kidogo, ile ya watoto inatosha, usinate. Tia pumzi kidogo, uuingize, kisha funga pine kwa mikono, bila chuma kama inawezekana. Kabla ya kujaza, zunguka gurudumu nzima ukisukuma pine pembeni na kuangalia: mpira usionekane popote chini ya ukingo wa pine. Mipira mingi myepesi inakufa hapa, na mtu anasema ilikuwa mibaya toka dukani.

Usipite bari zilizoandikwa kwenye pine na kwenye janti. Mtu wa kilo 70 kwenye pine ya 25 anaenda vizuri na bari 6 hivi, na kwenye pine ya 28 bari 5 na kidogo. Janti mpya zisizo na ndoano pembeni hazipiti bari 5.

Tundu linasema

Mpira ukitoboka, usiutupe haraka. Ulinganishe na gurudumu, utafute tundu liko upande gani.

Tundu upande wa pine: ni mwiba, chupa ao jiwe. Tundu upande wa janti: ni utepe umesogea au umezama, kubadilisha mpira peke yake ni kutupa pesa, kwa sababu wa pili utakufa mahali pale pale. Matundu mawili yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka: hewa ilikuwa kidogo, ukagonga shimo. Mpasuko chini ya valvu: tundu la janti lina ukingo mkali, au pompi ilivutwa kwa nguvu.

Kama pesa ni kidogo, anza wapi?

Kwanza nunua utepe mzuri wa magurudumu yote mawili. Pili, pine isiyochakaa. Mpira mwepesi ni wa tatu. Kwa mazoezi ya kila siku, baki na butili ya kawaida ya gramu 100, ambayo fundi yeyote wa barabarani anaitengeneza. Mipira myepesi uiweke siku ya mbio. Na hata kama una freni za kubana, TPU moja iliyokunjwa mfukoni inaweza kukurudisha nyumbani: ukishuka nayo, shuka taratibu, freni ya mbele na ya nyuma kwa zamu, kisha uitoe ukifika.

Ukinunua, pima. Maandishi kwenye karatasi si lazima yawe kweli, na mipira ya kuigiza iko mingi. Mizani ndogo, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, itakuambia kwa dakika moja kama ulilipia gramu 40 au 90. Muuzaji mwenye mali ya kweli hatakuzuia kupima.